Eda Mbili Chini ya Mfenesi

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba Baba mkubwa, Haji Idrisa, amefariki na atazikwa baada ya adhuhuri. Nilikuwa dukani kwangu Nateete, nakunja vitenge ambavyo mteja alikuwa amevifunua vyote asinunue hata kimoja. Nilisema inna lillahi kama inavyotakiwa, nikafunga duka, nikapanda boda hadi nyumbani kwake Kibuli, nikaingia chumba cha wanawake na kukaa mkekani na wenzangu. Sikuwa na huzuni. Nasema wazi kwa sababu nimefika umri ambao uongo wa adabu unanichosha. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi niliposikia jirani mmoja akisema, "Haji hakuwahi kumwonea mtu," na mwingine akaitikia, "Na alivyopenda miti, banange! Ule mfenesi wake ulilisha watoto wangapi?" Chai ikanimwagikia gauni. Wakadhani ni majonzi. Mmoja akanipa leso na kunisihi nivumilie, sote njia yetu ni hiyo moja. Nilirudi nyumbani na hasira ile ile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na saba, na kwa kuwa siwezi kugombana na maiti, nimekaa kuandika.

Kwanza, mfenesi haukuwa wake. Aliyeupanda ni Babu, na aliupanda vibaya: hatua moja na nusu kutoka ukuta wa chumba cha nyuma, chini ya dirisha, ili akiwa kitandani amsikie yeyote atakayekuja kuiba mafenesi. Jambo hilo alilisimulia kwa majivuno, kana kwamba ni werevu. Mche ulikuwa wa kufika gotini, na hakuna aliyemkumbusha kwamba mfenesi haubaki gotini. Nilipopata akili zangu, shina lilihitaji watu wawili kulikumbatia, na kati yake na ukuta palikuwa na mwanya wa kupita kuku, si mtu. Matawi yalilala juu ya mabati. Msimu ukifika, fenesi zito kama mtoto wa miaka miwili linadondoka juu ya paa na nyumba nzima inaruka, mtu aliyekuwa anakula anamwaga mchuzi. Kabla ya kufa Babu alitamka mbele ya watu kwamba matunda ya mti ule ni wakfu kwa watoto wa madrasa. Tangu hapo, kila msimu watoto walipanga foleni uani na sahani zao, na Baba mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya madrasa, alijitokeza na kanzu yake nyeupe, akapaka kisu mafuta ili utomvu usigande, akapasua na kugawa. Watu walikuwa wanapita njiani na kumsifu. Mimi pia nilikula. Yalikuwa matamu sana, siwezi kuyasingizia.

Mwaka ninaousema ulianza kwa kifo cha baba yangu, mvua za Machi zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza. Mama akaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki bila dharura, na haonani na wanaume ambao si maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa. Hata Baba mkubwa, kwa kuwa ni shemeji, alikuwa akizungumza naye kutoka ukumbini, pazia likiwa limeshushwa. Chumba cha eda kilikuwa chumba chao cha kulala, yaani kile cha nyuma, cha mfenesi. Kilikuwa na kitanda cha mbao, sanduku la bati, mkeka wa kuswalia, jagi la plastiki na kalenda ya duka moja la vipuri vya magari. Dirishani uliona shina na si kitu kingine. Taa iliwashwa saa sita mchana. Mafenesi yalipoiva harufu ilijaa mle ndani mpaka Mama akawa anakula amefunika pua kwa upindo wa mtandio, na mimi nilikuwa nafuta siku moja moja kwenye kalenda kwa kalamu ya risasi, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyoweza kumsaidia.

Ufa ulikuwepo zamani, mwembamba, kutoka pembe ya dirisha kushuka chini. Tulikuwa tumeuzoea. Lakini mwezi wa pili wa eda, siku moja tulikuwa tunakula matoke na mchuzi wa njugu, Mama akaweka sahani yake sakafuni na mchuzi wote ukaenda upande mmoja. Akaizungusha sahani. Mchuzi ukarudi upande ule ule. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mariamu, sakafu imeinuka." Niliupima ufa kwa kidole, cha shahada kiliingia hadi kiungo cha kwanza. Nikatoka mbio kwenda kumwita Papa Bahati, fundi mwashi Mkongomani aliyekuwa anajenga choo kwa jirani, mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye heshima zake.

Sasa angalieni mambo yetu. Papa Bahati hakuweza kuingia, Mama yuko eda. Na kwa nje ufa ulifichwa na shina. Kwa hiyo mtu pekee katika mtaa aliyejua kusoma ukuta alisimama nyuma ya mti, shavu kwenye gome, akiniuliza maswali kupitia dirishani, na mimi ndani nikawa macho yake.

"Mutoto, pale chini ufa iko mupana kuliko juu, ama juu ndiyo mupana?"

"Chini."

"Weka sikio kwa ukuta, gonga na ngumi. Inalia namna gani?"

Niligonga. Nikamwambia inalia kama debe tupu. Kisha akanipa kwa dirishani simenti aliyokoroga kwenye kopo, akanielekeza niipake vipande vitatu kukatiza ufa, vyembamba kama chapati, na nichore tarehe kwa msumari. "Ukuta yenye kusimama haivunje ile. Kama inapasuka mbele ya juma moja kuisha, hii ukuta iko inatembea. Mizizi iko chini inasukuma. Mukate muti, ama mutoe Mama. Siyo kesho, siku ile ile." Alipoondoka alimsalimia Mama kwa sauti bila kumwona, akampa pole ya msiba, na Mama akamshukuru kutoka kitandani.

Siku ya nne vipande viwili vilikuwa vimepasuka katikati. Kimoja kilidondoka mkononi nilipokigusa, na tarehe niliyoichora ikiwa imegawanyika. Nilikichukua. Baba mkubwa alikuwa barazani kwake na wageni wawili wa kamati, wanakula pilau ya Jumapili. Nyumba yake ilikuwa uani humo humo, mbele ya yetu. Nilipopeleka maji ya kunawa niliweka kipande cha simenti kwenye sinia, karibu na kachumbari, nikaeleza yote. Alikitazama bila kukigusa.

"Umeniletea jiwe kwenye chakula?"

"Ukuta wa Mama unatembea, Baba mkubwa. Fundi amesema mti ukatwe au Mama ahame."

"Fundi ameingia kumwona?"

"Hapana. Nimepima mimi."

Wageni wakacheka, na mmoja akaniuliza kama naweza kumpimia na nyumba yake. Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa mtu wa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwa sababu huwezi kumjibu kwa ukali mtu anayekuita mwanangu. "Mwanangu, mti wa wakfu haukatwi. Aliyeweka wakfu yuko kaburini, tutamuuliza vipi? Na mama yako yuko kwenye amri ya Mungu. Eda si chumba cha hoteli kwamba ukichoka unahama. Siku zake zikimalizika tutaona." Akakisukuma kipande kando kwa mgongo wa kijiko, akaendelea kula. Mtu huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa madrasa, kila anapopata nafasi, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilikaa nyuma ya mlango wa ukumbi nikiwasikiliza mpaka chai ya mwisho. Walizungumza juu ya mabati ya msikiti, juu ya bei ya mchele, juu ya mtu fulani aliyeoa mtaa wa Kabalagala na kuificha ndoa. Juu ya Mama hawakusema neno. Nilisubiri wamtaje hata kwa kumlaumu, lakini kwao jambo lilikuwa limekwisha.

Aliyelifufua ni Mwalimu Rukia, bibi mmoja jirani aliyekuwa akiwafundisha wanawake Kurani sebuleni kwake. Alikuja Ijumaa kumjulia hali Mama, siku ya tisini ya eda. Nilikuwa nimetoka kuifuta kwenye kalenda. Alikaa kitandani, kitanda kikainama, akauliza kwa nini. Nikamwonyesha. Alitia kiganja chote kwenye ufa, akakitoa na vumbi.

"Nani kakwambia usihame?" akamuuliza Mama.

"Shemeji."

"Shemeji yako amesoma kitabu gani? Mjane akihofia nyumba isimwangukie, anahamia mahali pa salama palipo karibu, anamalizia eda yake huko. Hili wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanalijua. Na wakfu ni ya matunda, si ya mti! Nilikuwepo Babu alipotamka, nilisikia kwa masikio haya."

Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa. Mwalimu akamwita Mama mkubwa Hanifa, mke wa Haji, akamweleza kwa maneno mafupi. Mama mkubwa alikuwa mwoga wa mumewe, kila mtu alijua, lakini aliutazama ule ufa, akajifunga kanga kiunoni. "Kale, haya basi, twende upesi." Wao wawili na jirani mmoja walishika shuka kumzunguka Mama asionekane na wapita njia, mimi nikabeba mto na jagi. Hatua ishirini na tatu kuvuka ua. Nilizihesabu. Tulimweka kwenye chumba cha akiba cha Mama mkubwa, kati ya gunia la maharage na mtungi wa mafuta, na mle ndani mlikuwa na dirisha lenye jua. Mama alikaa juani, akanyoosha miguu, akaomba chapati. Alikula mbili. Sikuwa nimemwona akila chapati mbili tangu msiba, na nilifurahi kiasi kwamba nilitoka nje nikalia jikoni.

Hata chai haijachemka, wanaume wakarudi. Baba mkubwa alisimama nje ya mlango wa chumba cha akiba, pazia kati yake na Mama, akazungumza taratibu kama anatoa hotuba. Alisema hamlaumu. Alisema ameshauriwa vibaya, na wanawake wana huruma nyingi kuliko elimu. Alimwomba arudi chumbani kwake. Kisha akasema lile jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kuvunja kitu.

"Lakini, shemeji, eda imekatika. Itabidi uanze upya. Moja."

Mwalimu Rukia alisimama. "Haji, mche Mungu. Eda haianzi upya. Hata angetoka bila sababu angekuwa amekosa, angetubu, na siku zingeendelea kuhesabiwa. Nionyeshe kitabu."

"Mwalimu, wewe wafundishe wanawake alifu na be," akasema kwa upole ule ule. "Ya nyumba yangu niachie mimi."

Nilimgeukia Mama. Nilijua atakataa. Alikuwa na ushahidi wa Mwalimu, alikuwa na akili timamu, na siku zake tisini alizikaa kwa uaminifu bila hata kuchungulia barabarani. Mama alikuwa anafuta mafuta ya chapati vidoleni. Akasema, "Afadhali niongeze kuliko nipunguze." Ndiyo ilikuwa tabia yake katika ibada; akisahau kama ameswali rakaa tatu au nne, anaongeza. Alitaka kutoka kwenye eda ya mume wake bila deni lolote. Nilimkasirikia siku ile kuliko nilivyomkasirikia Haji, na sioni aibu kulisema. Tukamrudisha hatua zile zile, shuka lile lile. Mama mkubwa Hanifa alibeba mto, na hakumtazama mtu yeyote usoni.

Tangu miaka hiyo nimewauliza masheikh watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wamenijibu sawasawa na Mwalimu Rukia. Mmoja alidhani namtania. Watoto wangu huniambia, Mama, labda yule mzee alikosea tu, hakujua. Basi angeuliza! Kibuli haikuwahi kukosa wanaojua. Angetembea kidogo tu akauliza. Hakuuliza kwa sababu hakutaka kujibiwa. Mwanamke alikuwa amevuka ua bila ruhusa yake, hatua ishirini na tatu, na alitaka zilipwe. Mungu hakumtoza Mama siku hata moja ya zile alizoongezewa. Alizotozwa ni za Haji Idrisa, na Mama alizikaa akidhani ni za Mungu.

Nikawa na hesabu mbili kwenye kalenda. Ya kalamu ya wino ilikuwa ya Haji, iliyoanza na moja. Ya kalamu ya risasi niliiendeleza kimyakimya, ndogondogo, pembeni. Nilipaka simenti mpya kila wiki, ikapasuka kila wiki, nikaacha kumwambia mtu. Papa Bahati alikuja bila kuitwa akaegemeza magogo mawili ukutani kwa nje, pale shina lilipomruhusu, akaondoka akitikisa kichwa. Hesabu ya risasi ilipofika miezi minne na siku kumi, niliingia na uji wa ulezi asubuhi nikamwambia Mama, "Leo imekwisha. Vaa utoke." Akapokea kikombe. "Ya kwako imekwisha, mwanangu. Yangu bado." Nilimwachia uji, nikatoka bila kumuaga.

Siku ishirini na nne baadaye, ambayo kwa hesabu ya Haji ilikuwa ya sitini na mbili, mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi ikakatika alasiri, ukabaki upepo. Nilikuwa jikoni napuliza moto wa sigiri. Sikusikia kishindo cha maana, ilikuwa kama mtu ametua gunia la makaa, kisha vumbi likatoka mlangoni likaja hadi kwangu. Ukuta ulikuwa umeangukia ndani. Mama alikuwa mkekani, amemaliza kuswali, na matofali yalikuwa yamelala juu ya miguu yake hadi kiunoni. Mti haukuanguka. Ulikuwa umesimama pale pale, umelowa, mzima, isipokuwa sasa ulikuwa kama umo chumbani. Nilipiga kelele. Papa Bahati alikuja mbio kutoka kwa jirani akaingia moja kwa moja, akapiga magoti, akawa anatoa matofali kwa mikono miwili, na safari hii hakuna aliyemwambia asimame nje. Baba mkubwa alifika, akatazama, akasema mbele ya watu wote, "Kudra ya Mungu." Nilimrukia. Walionishika walikuwa watatu.

Mti ulikatwa keshokutwa yake. Mafundi wa msumeno waliletwa na Haji mwenyewe, hakuna aliyetaja wakfu, na watoto wa madrasa walikuja wakaokota kuni. Mguu mmoja wa Mama uliunga. Wa pili haukuunga vizuri, na alitembelea fimbo miaka yote iliyobaki, hadi tulipomzika. Hakuwahi kumsema shemeji yake kwa ubaya, na alinikataza nisimseme. Nimemtii muda wote alipokuwa hai.

Lakini ninachotaka watu wa ule mkeka wa msibani wakijue ni cha siku ya tatu hospitalini. Mama alikuwa amepewa dawa za maumivu, akawa hajijui vizuri, na alasiri ile ndipo akili zilipomrudia. Kitanda chake kilizungushiwa pazia la wodi. Baba mkubwa alikuwa amekuja na chupa ya uji aliyopewa na mkewe, na kwa heshima ya shemeji alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia. Tuliona viatu vyake tu, vyeusi, vimepigwa rangi. Mama alinitazama, akatazama dari, akauliza, "Mariamu, nimetoka nyumbani tangu lini?"

"Tangu juzi, Mama."

Akahesabu kwa vidole vyake juu ya shuka, taratibu, midomo inacheza. Alipomaliza aligeuza kichwa kwa shida, akavitazama viatu chini ya pazia.

"Shemeji," akasema, "tutaanza tena moja?"

Viatu havikusogea. Nilisikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa, kisha kikifungwa tena. Nikamshika Mama mkono nikamwambia imekwisha, Mama, imekwisha zamani, hakuna kuanza tena.

"Sikukuuliza wewe, mwanangu," akaniambia, akaendelea kuvitazama viatu.